Maswali ya Wasomaji: Sindano ya homoni ya kiume, lini uikubali na lini uikatae

Barua za safari hii zimetoka Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Makete, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mwanaume afikie hali gani ndipo aongezewe testosteroni, yaani homoni ya kiume? Tumezifupisha na kuondoa majina.

Shikamoo daktari. Nina miaka 47, ni dereva wa lori, naishi Mbalizi. Tangu mwaka jana nachoka sana na hamu ya tendo la ndoa imepungua, ingawa haijaisha. Nilipima testosteroni saa 9 alasiri, siku niliyoingia kutoka Tunduma bila kulala. Majibu ni 9.1 nmol/L. Nimeambiwa nianze sindano ya miligramu 250 kila wiki tatu. Nina kilo 104, urefu sentimita 172, na natumia dawa ya presha. Nianze?

Marahaba. Usianze. Kipimo kimoja hakitoshi kumwanzishia mtu dawa ambayo huenda akachomwa maisha yake yote, na hicho chako kilichukuliwa wakati usiofaa kabisa.

Testosteroni hupanda usiku mtu akiwa amelala, hufika juu kabisa alfajiri, kisha hushuka mchana kutwa. Kwa wanaume wa miaka 30 hadi 40 kipimo cha jioni huwa chini ya kile cha saa 2 asubuhi kwa asilimia 20 hadi 25. Tofauti hiyo hupungua uzeeni, lakini wewe hujafika huko. Tena hukulala, na pengine ulishakula. Sukari peke yake huishusha kwa saa kadhaa.

Rudia hivi. Lala nyumbani usiku mbili au tatu mfululizo. Fika maabara kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi bila kula chochote tangu jana yake, maji ruksa. Kama umetoka kuugua malaria, nimonia au homa yoyote iliyokulaza, subiri wiki kadhaa, maana ugonjwa mkali huishusha homoni hii hata kwa kijana. Anayefanya kazi za usiku moja kwa moja apime ndani ya saa 2 au 3 baada ya kuamka. Kisha pima tena siku nyingine, wiki moja hadi nne baadaye, maabara ileile. Si mara chache kipimo cha kwanza kilichoonekana kibaya kikaja sawa kikirudiwa.

Mstari wa kukata uko wapi? Madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani wanautaja kuwa 300 ng/dL, ambayo ni sawa na 10.4 nmol/L. Miongozo ya Ulaya hugawa sehemu tatu: chini ya 8 nmol/L upungufu ni wa kweli, juu ya 12 tafuta sababu nyingine ya tatizo, na kati ya 8 na 12 namba peke yake haiamui kitu. Wewe uko hapo katikati, na kwa kipimo cha alasiri.

Katika eneo hilo la katikati dalili ndizo zenye uzito, na si kila dalili. Utafiti mkubwa wa wanaume wa Ulaya wa miaka 40 hadi 79, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta dalili tatu ndizo zinazoambatana vizuri na homoni kuwa chini: hamu kupungua, uume kutosimama wenyewe alfajiri, na uume kushindwa kusimama wakati wa tendo. Walipohesabu wenye dalili zote tatu pamoja na homoni ya chini, walikuwa asilimia 2.1 tu. Uchovu, kunenepa tumbo na hasira za haraka haraka vinaweza kuletwa na mambo mia, kuanzia kisukari hadi mkopo wa benki.

Sasa turudi kwako. Kwa uzito na urefu huo umevuka kiwango cha unene uliokithiri. Mafuta ya tumboni hupunguza ile protini inayobeba homoni kwenye damu, SHBG, hivyo jumla ya testosteroni inasomeka chini wakati ile iliyo huru, inayofanya kazi, bado inatosha. Kwa hiyo kipimo cha pili kiambatane na SHBG ili daktari akokotoe homoni huru. Ukipunguza kilo 10 na zisirudi, homoni yako mwenyewe itapanda, na presha itashuka pamoja nayo.

Muulize mkeo, au utingo wako mnayelala naye kwenye kebini, kama unakoroma na kukata pumzi usingizini kisha unashtuka. Kama ndivyo, hilo ndilo la kutibu kwanza. Linaeleza uchovu wako, linashusha homoni, na testosteroni inaweza kulizidisha. Dereva wa namna hiyo husinzia kwenye usukani mteremko wa Kitonga, na hilo haliondolewi na sindano.

Angalia pia jina la dawa yako ya presha. Zile za kukojoza za kundi la thiazaidi, pamoja na atenololi na propranololi, huweza kupunguza nguvu za uume. Usiziache kienyeji, mwombe daktari akubadilishie. Na upime sukari.

Vipimo viwili vya asubuhi vikija chini kweli, hapo ndipo watu wengi wanarukia sindano na kuruka hatua muhimu: kutafuta kwa nini. Pima LH na FSH, homoni za kichwani zinazoziamuru korodani, na prolaktini, homoni nyingine itokayo hukohuko. LH ikiwa juu, korodani zenyewe ndizo zimechoka: matumbwitumbwi yaliyoshuka korodanini, korodani iliyojinyonga, dawa za saratani, au hitilafu ya kuzaliwa nayo. LH ikiwa chini au ya kawaida wakati testosteroni iko chini, amri ndiyo haitoki kichwani, kwenye tezi ya pituitari. Prolaktini ikiwa juu sana huenda kuna uvimbe pale, na huo kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge vya kabagolini, halafu mara nyingi testosteroni inapanda yenyewe. Testosteroni ikiwa chini ya 5.2 nmol/L na LH haijapanda, au una maumivu ya kichwa na huoni vizuri pembeni, unahitaji picha ya MRI ya kichwa kabla ya sindano yoyote. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya; wao ndio watakaosema kama upewe rufaa ya kwenda mbele zaidi.

Mimi ni mwalimu, Iringa mjini, miaka 38. Karatasi ya maabara imeandika testosteroni 4.2. Nimesoma kwamba mwanaume mzima awe juu ya 300. Nimeishiwa kiasi hiki?

Hujaishiwa, mwalimu. Soma kilichoandikwa baada ya namba. Maabara nyingi hutoa majibu kwa ng/mL, na 4.2 ng/mL ni 420 ng/dL, yaani kama 14.6 nmol/L. Hiyo ni ya kawaida kabisa. Kutoka ng/mL kwenda ng/dL zidisha kwa 100. Kutoka ng/dL kwenda nmol/L gawanya kwa 28.8. Tumeshaona watu wakiuziwa dawa kwa sababu ya nukta hiyo. Wewe kama uume unasimama vizuri alfajiri lakini unagoma ukiwa na mwenzi, tatizo haliko kwenye homoni.

Nina miaka 31, Mafinga. Nimechoma testosteroni miligramu 250 kila wiki kwa miezi 10 kwa ajili ya mazoezi, kupitia rafiki wa jimu. Mke wangu hajashika mimba. Nimepima mbegu, majibu ni sifuri. Daktari nifanye nini?

Acha hizo sindano leo. Dozi ya matibabu ya testosteroni enantheti au sipioneti ni miligramu 75 hadi 100 kwa wiki. Wewe umekuwa ukichoma zaidi ya mara mbili ya hiyo, kwenye mwili ambao huenda haukupungukiwa na kitu.

Kilichotokea si bahati mbaya, ndivyo dawa inavyofanya kazi. Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu, unakata LH na FSH. Bila hizo korodani hazitengenezi homoni yake wala mbegu, na husinyaa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kujaribu miligramu 200 kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990, na wengi walifika sifuri, kwa wastani baada ya kama miezi minne. Ndiyo maana swali la kwanza ambalo daktari anapaswa kumuuliza mwanaume yeyote kabla ya testosteroni, hata yule mwenye upungufu wa kweli, ni kama bado anataka mtoto. Akisema ndiyo, sindano hii haifai. Kuna dawa nyingine zinazoamsha korodani badala ya kuzilaza, kama klomifeni na homoni ya hCG, na hizo huandikwa na bingwa.

Kwa kawaida mbegu hurudi ndani ya miezi 6 hadi 12, kwa wengine hadi 24. Rudia kipimo kila baada ya miezi mitatu. Kupima kila wiki ni kutupa hela, kwa sababu mbegu moja huchukua karibu miezi miwili na nusu kukomaa. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Ukitolea nyumbani, zifike maabara ndani ya saa 1, na kwa baridi ya Mafinga ya Juni na Julai chupa iweke kwapani ndani ya shati, usiiweke mfuko wa nje wa koti. Mbegu zilizopigwa baridi njiani huonekana kama hazina nguvu.

Jiandae: wiki za kwanza bila sindano utakuwa mchovu, hamu itashuka, huenda ukapata huzuni. Hapo ndipo wengi hurudia chupa. Usirudie, mwone bingwa akusaidie kuvuka kipindi hicho. Kama mlikuwa mkichangia chupa au sindano, pima virusi vya UKIMWI na homa ya ini B, wewe na mkeo.

Naandika kutoka Njombe kwa niaba ya mume wangu, miaka 52. Anatumia ARV mwaka wa nane na hali yake ni nzuri, lakini tendo la ndoa limekufa kabisa ndani ya nyumba. Anaona aibu kwenda kusema. Je, homoni itamsaidia?

Mama, asante kwa kuandika. Huenda ikamsaidia, kwa sababu upungufu wa testosteroni ni wa kawaida zaidi kwa wanaume wanaoishi na virusi. Lakini kuna mtego: kwao ile protini ya SHBG mara nyingi huwa juu, kwa hiyo jumla ya testosteroni inaweza kuonekana nzuri wakati iliyo huru ni kidogo. Akipimwa jumla peke yake ataambiwa yuko sawa na kurudishwa nyumbani. Aombe jumla, SHBG na albumini, protini nyingine ya damu, kwa pamoja, asubuhi, mara mbili, kama tulivyomweleza dereva.

Kabla ya hapo wingi wa virusi uangaliwe, pamoja na sukari, presha, na ulanzi. Msimu wa mvua ulanzi hunywewa toka asubuhi, na pombe ya kila siku huumiza korodani na ini. Kama anatumia prednisoloni kwa muda mrefu, au dawa kali za maumivu kama tramado na mofini, hizo nazo hushusha homoni.

Jambo moja ni la hatari, na umwambie usiku huuhuu. Asinunue vidonge vya kusimamisha uume dukani bila kutaja ARV zake. Akiwa kwenye dozi yenye ritonaviri, kama ile ya atazanaviri, sildenafili hubaki mwilini kwa wingi mno; asizidishe miligramu 25 ndani ya saa 48. Dozi ya dolutegraviri haina shida hiyo. Wala asidhani unga wa mitishamba wa “nguvu za kiume” ni salama kwa kuwa ni wa asili, maana mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta mara kwa mara unga wa aina hiyo umechanganywa na sildenafili bila kuandikwa. Na kama anatumia dawa ya moyo ya kundi la naitreti, asiguse kabisa dawa hizi; presha inaweza kuanguka ghafla akafa.

Pa kuanzia ni CTC, kliniki anakochukulia dawa. Hapo hana jipya la kuficha, na swali hili wahudumu wamelisikia mara nyingi kuliko anavyodhani.

Nimeanza sindano wiki ya tatu, nipo Vwawa, sioni chochote. Niongeze dozi?

Hapana, kaka. Hamu hurudi kati ya wiki ya 3 na ya 6. Uume kusimama vizuri kunaweza kuchukua hadi miezi 6, misuli miezi 3 au 4, mifupa miaka. Ukifika miezi 6, kipimo kikaonyesha homoni imefika kiwango cha kati na bado huoni nafuu, basi dalili zako hazikutokana na homoni, na sindano iachwe.

Wajukuu wangu wamenisaidia kuandika. Nina miaka 64, naishi Uyole. Nilianzishiwa testosteroni miligramu 250 kila wiki mbili kwenye kliniki moja nilipokuwa safarini, yapata miezi 8. Nguvu zimerudi. Juzi nimepima FBP, yaani picha nzima ya damu, na HCT, asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu, ni 55. Nimeambiwa damu ni nyingi kwa sababu ya mwinuko wa Mbeya, nitolewe chupa moja niendelee. Kabla ya kuanza sikupimwa damu wala tezi dume.

Shikamoo mzee. Mwinuko una mchango wake, lakini hauwezi kubeba lawama yote. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na mwili hujibu kwa kuongeza chembe nyekundu kidogo. Kwa sababu hiyo miongozo humtaka mtu wa nyanda za juu asianzishiwe testosteroni HCT yake ikiwa juu ya 50, wakati wa nchi za chini hukataliwa ikipita 48. Lakini ikipita 54 dawa husimamishwa, uishi mlimani au pwani. Damu nzito huganda kirahisi.

Kwa hiyo sindano inayofuata usichome. Kutoa chupa moja ya damu na kuendelea na dozi ileile ni kukinga maji huku bomba limeachwa wazi. Dozi yako ni kubwa: miligramu 250 kila wiki mbili hupandisha homoni juu sana siku za mwanzo, na chembe nyekundu hufuata kilele hicho. HCT ikishuka chini ya 50, na daktari akiona bado unaihitaji, arudi na dozi ndogo za karibu karibu, kama miligramu 75 kila wiki. Homoni ipimwe katikati ya sindano mbili. Ukipima siku moja baada ya kuchomwa utaonekana umejaa, na ukipima siku ya mwisho utaonekana umekauka. HCT ipimwe kabla ya kuanza, kati ya mwezi wa 3 na wa 6, kisha kila mwaka. Sigara na kukata pumzi usingizini navyo huipandisha, hata kama dozi ni ndogo.

Tezi dume isisubiri. Pima PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, wiki hii. Ikizidi 4 ng/mL, au 3 kama baba au ndugu yako wa damu alikuwa na saratani ya tezi dume, mwone bingwa wa mfumo wa mkojo kabla ya kugusa tena testosteroni. Hata ikiwa chini ya hapo, ikipanda kwa zaidi ya 1.4 ndani ya mwaka mmoja wa matibabu, ni hivyo hivyo. Wenye saratani ya tezi dume au ya titi hawapewi kabisa, wala waliopata kiharusi au shambulio la moyo ndani ya miezi 6, wala wenye moyo unaoshindwa kusukuma damu vizuri na haujadhibitiwa.

Kuhusu moyo, utafiti wa TRAVERSE wa mwaka 2023, wenye wanaume zaidi ya 5,200 wa miaka 45 hadi 80 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata, ulikuta matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa asilimia 7.0 ya waliopaka homoni na 7.3 ya waliopaka jeli tupu. Hiyo ni habari njema, lakini wote walikuwa na homoni ya chini iliyothibitishwa na walifuatiliwa kwa karibu. Hata hivyo, mapigo ya moyo kwenda ovyo na damu kuganda kwenye mapafu vilitokea zaidi kwa waliotumia homoni. Mzee, mguu mmoja ukivimba, au kifua kikibana ghafla na pumzi kukata, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Jeli ya kupaka ni salama kuliko sindano? Nina mtoto wa miaka miwili. Makambako.

Kwa damu nzito, ndiyo, ni afadhali. Kwa mtoto wako, ni hatari. Jeli ikibaki kwenye ngozi yako na ukambeba, mtoto anaweza kuanza kuota nywele za siri na kukua vibaya. Ipake begani asubuhi, iache ikauke, vaa shati, nawa mikono kwa sabuni, na oga sehemu ile kabla ya kumkumbatia. Kama mtoto amezoea kulala kifuani kwako, chagua sindano.

Mimi ni muuguzi wa zahanati, Makete. Mgonjwa ameleta testosteroni yake na cheti cha bingwa, lakini ndani ya chupa kuna chembe kama chumvi. Nimchome?

Usichome zikiwa hivyo, wala usiitupe. Dawa hii ni ya mafuta, na ikikaa kwenye baridi chini ya nyuzi 20, kama nyumba nyingi za Makete usiku, huganda chembe. Shika chupa kiganjani dakika kadhaa au iweke kwenye maji ya uvuguvugu, usiipashe jikoni, kisha itikise. Chembe zikiyeyuka na mafuta yakawa angavu, inafaa. Zisipoyeyuka, au mafuta yakiwa na ukungu, irudishwe.

Linganisha jina la dawa kwenye chupa na lile la cheti, kwa sababu ratiba hazifanani. Sustanon 250 huchomwa kila wiki tatu kwa kawaida na ina mafuta ya karanga, hivyo uliza kama karanga humdhuru. Andekanoeti ya miligramu 1,000 hurudiwa baada ya wiki 6, kisha kila wiki 10 hadi 14.

Choma ndani ya msuli wa tako, robo ya juu upande wa nje, kwa sindano namba 21 ndefu. Vuta bomba kidogo kwanza. Damu ikiingia, toa na ubadilishe mahali. Sukuma taratibu, na badili tako kila safari. Andekanoeti ina mililita 4, kwa hiyo isukume kwa dakika 2 nzima, kisha mgonjwa akae zahanati dakika 30. Akianza kukohoa ghafla, kubanwa pumzi au kutaka kuzimia, mafuta yameingia kwenye mshipa na kufika mapafuni: mkalishe wima, mpe oksijeni kama ipo, fuatilia presha, na usimruhusu kuondoka mpaka yaishe.